Isotoniki na bado si salama: dhana potofu kuhusu miyeyusho ya sindano

"Osmolaliti ikilingana na ya damu, myeyusho huo ni isotoniki"

Hili ndilo kosa mama, na mengi yanayofuata ni watoto wake. Myeyusho isotoniki ni ule usiovimbisha wala kusinyaza seli. Osmolaliti ni hesabu ya chembe zote zilizoyeyuka katika kilo moja ya maji, bila kuuliza ni chembe za nini, na kipimo chake ni miliosmoli. Ya plazma ya binadamu huwa kati ya miliosmoli 275 na 295 hivi kwa kilo. Utoniki una swali lake: kati ya chembe hizo, zipi zinazuiwa na utando wa seli? Zinazozuiwa ndizo zinazovuta maji. Zinazopenya huingia ndani ya seli, na maji huzifuata.

Chukua urea. Tengeneza myeyusho wake wenye osmolaliti sawa kabisa na ya plazma, kisha utie humo seli nyekundu za damu. Osmomita, yaani kifaa cha kupimia osmolaliti, itakuambia mambo yako sawa. Seli zenyewe zitavimba na kupasuka, na kilichokuwa na ukungu kitageuka maji mekundu maangavu. Asidi ya boriki ina tabia hiyohiyo. Kwa asilimia 1.9 inalingana na machozi na jicho huivumilia, lakini seli nyekundu zikikutana nayo hupasuka. Kwa hiyo huwezi kusema myeyusho ni isotoniki bila kutaja utando unaouzungumzia. Anayetengeneza dawa ya mshipa akiitegemea namba ya osmomita peke yake amefanya nusu ya kazi.

"Dekstrosi ya 5% ni isotoniki"

Dekstrosi ni jina jingine la glukosi. Ikiwa kwenye mfuko, karibu ni kweli. Lebo nyingi huandika miliosmoli 252 kwa lita, kwa sababu glukosi iliyotumika ina maji ndani ya fuwele zake. Ingekuwa kavu, hesabu ingefika 278. Ikiingia mshipani haipasui seli. Lakini mwili huichukua glukosi na kuitumia, na kinachosalia ni maji matupu yanayosambaa hadi ndani ya seli zote, za ubongo zikiwemo. Ndiyo sababu mgonjwa aliyeumia kichwa hawekewi dripu hiyo kumjazia maji.

Sasa itazame dekstrosi 5% iliyochanganywa ndani ya chumvi 0.9%. Lebo husema miliosmoli 560 kwa lita, karibu maradufu ya damu, na wapo wanaoiogopa kwa namba hiyo. Glukosi ikishatumika, inabaki chumvi ya 0.9%, yaani isotoniki. Mfuko wenye namba inayotisha haushushi sodiamu ya damu; ule wenye namba ya upole ndio unaoishusha.

Watoto wameumia kwa jambo hili kwa miaka mingi. Hesabu ya maji ya dripu iliyochapishwa na Holliday na Segar mwaka 1957 ilizaa desturi ya kuwapa watoto wagonjwa miyeyusho yenye sodiamu kidogo. Tatizo ni kwamba mtoto mgonjwa hutoa kwa wingi homoni inayozuia mkojo, hivyo maji yanabaki mwilini, sodiamu inashuka na ubongo unavimba. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, American Academy of Pediatrics, kilishauri walio kati ya siku 28 na miaka 18 wapewe miyeyusho isotoniki yenye glukosi na potasiamu ya kutosha, isipokuwa wenye hali maalumu.

"Asilimia ikiwa kubwa, myeyusho ni mzito kuliko damu"

Gramu 9 za chumvi katika lita moja zinafanya karibu kazi sawa na gramu 50 za glukosi. Kinachohesabiwa ni idadi ya chembe, wala si uzito wake. Molekuli ya glukosi ni kubwa mara tatu na inabaki moja. Chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa sodiamu na kloraidi. Ukifika kwenye protini, asilimia haina maana tena: kingamwili ya dawa iliyo na miligramu 100 kwa mililita haichangii hata miliosmoli moja. Vinavyoiweka dawa hiyo sawa na damu ni sukari na chumvi zilizoongezwa.

Kutoelewa hilo kumeua watu. Katika miaka ya 1990 nchini Marekani, albumini ya 5%, protini ya damu inayowekwa mshipani, iliadimika, na baadhi ya famasi za hospitali zikachukua ya 25% na kuipunguza kwa maji ya sindano, sehemu moja kwa nne. Kwa hesabu ya asilimia hawakukosea hata kidogo. Lakini chupa ile ya 25% ilikuwa na sodiamu ya kama milimoli 145 kwa lita, sawasawa na damu, na albumini yenyewe haikuwa na mchango wa kutajika kwenye osmolaliti. Walipoongeza maji, sodiamu ilishuka hadi kama 29, na myeyusho mzima ukawa na miliosmoli 60 hivi. Seli nyekundu zikapasuka ndani ya mishipa, figo za wagonjwa zikashindwa, na wengine wakafa. CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, iliripoti visa hivyo mwaka 1999. Kilichotakiwa kutumika kupunguzia kilikuwa chumvi ya 0.9%.

Maji ya sindano hayo ni safi kuliko maji yote, na usafi huo ndio unaowapoteza watu. Kuyeyushia unga wa dawa ni sawa, maana dawa yenyewe inaleta chembe zake na kiasi ni kidogo. Kuyatundika kama dripu ni hatari ya wazi.

"Chumvi ya 0.9% ni kama damu yenyewe"

Inalingana kwa utoniki tu. Kloraidi yake ni milimoli 154 kwa lita, wakati ya plazma ni kama 100, na lita nyingi zikiingia haraka huifanya damu iwe na asidi. Hata namba yake huwachanganya wengi: lebo inasema miliosmoli 308 kwa lita, osmomita inasoma kama 286 kwa kilo. Hakuna aliyedanganya. Ya kwanza ni hesabu ya karatasini inayodhani sodiamu na kloraidi hazishikani kabisa. Ya pili imepima zinavyofanya kazi kweli. Vipimo vingi vya aina hii husoma jinsi myeyusho unavyochelewa kuganda: plazma huganda kwenye nyuzi 0.52 hivi chini ya sifuri, na namba hiyo ndiyo wafamasia wanayoitumia kukokotoa chumvi ya kuongeza.

Kuongeza chumvi nako kuna mipaka. Kunatibu myeyusho hafifu peke yake. Uliokwisha kuwa mzito dawa yake ni kuupunguza. Tena zipo dawa zinazoikataa chumvi: amfoterisini B ya kawaida, dawa ya fangasi, hutuama ikikutana nayo, hivyo hupunguzwa kwa dekstrosi 5%.

"Kila sindano lazima iwe isotoniki, la sivyo itauma"

Zipo zinazofanya kazi kwa sababu si isotoniki. Manitoli ya 20%, yenye miliosmoli 1,100 hivi, hupunguza uvimbe wa ubongo kwa kuvuta maji kutoka humo. Bupivakaini nzito ya ganzi ya uti wa mgongo huwekwa glukosi ya 8% kwa makusudi, ili izame kwenye maji ya uti na ganzi ielekee daktari anakotaka. Kwa kuwa ni mililita chache, inavumilika. Mishipa midogo ya mkononi nayo ina kikomo, na kwa lishe ya mshipani wengi huishia miliosmoli 900 kwa lita.

Maumivu mara nyingi yanatoka kwingine kabisa. Fenitoini, dawa ya kifafa, huunguza mshipa hasa kwa kuwa pH yake ni kama 12, yaani alkali kali, na imeyeyushwa kwa propilini glaikoli na alkoholi.

Na potasiamu kloraidi? Wengi hudhani ampuli yake hupunguzwa kwa sababu ni nzito kuliko damu. Ni nzito kweli: ya 15% ina miliosmoli 4,000 kwa lita. Lakini ipunguze hadi asilimia 1.15, iwe isotoniki barabara, na bado utakuwa na potasiamu milimoli 154 kwa lita, wakati damu ina 3.5 hadi 5. Ukiisukuma hiyo haraka mshipani, seli nyekundu hazitapasuka. Moyo utasimama.