Kinga ya mwili inapoumiza mishipa ya damu: vaskulitisi ya homa ya ini

Mgonjwa ana madoa meusi-meusi kuanzia kwenye vifundo vya miguu hadi magotini. Magoti yanauma, nyayo zinawaka moto usiku, na uchovu haumwachi hata akilala mchana kutwa. Ameshapewa dawa ya fangasi, ameshapewa vitamini, na mara nyingi ameshaambiwa ana baridi yabisi. Ini halitajwi kabisa, kwa kuwa macho yake si ya manjano na tumbo halijavimba. Ndiyo maana nataka kuieleza vaskulitisi ya homa ya ini kwa marefu: ni ugonjwa wa ini unaoanza kuonekana mbali na ini.

Vaskulitisi ni kuvimba kwa kuta za mishipa ya damu. Inapofuatana na homa ya ini ya B au C, wengi hudhani virusi vimetoka kwenye ini na kuanza kuishambulia mishipa. Kwa kweli, sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na kinga ya mgonjwa mwenyewe, ikiwa kazini, ikihangaika na virusi vilivyogoma kuisha.

Katika hali ya kawaida, kingamwili, yaani protini zinazotengenezwa na kinga, hukishika kirusi, na fungu hilo la kirusi na kingamwili huokotwa na kusagwa na seli za wengu na za ini. Habari huishia hapo. Lakini virusi vya homa ya ini C vinaweza kuzaliana kila siku kwa miaka 20 au 30. Kingamwili nazo zinatengenezwa kila siku. Mafungu hayo yanafikia kuwa mengi kuliko uwezo wa mwili kuyaondoa, yanabaki yakizunguka kwenye damu, na mwishowe yananasa mahali.

Kirusi cha C kina vurugu yake ya ziada. Protini ya ganda lake iitwayo E2 hujishikiza kwenye kipokezi CD81 kilicho juu ya seli B, ambazo ndizo chimbuko la kingamwili. Seli B zikichokozwa hivyo mwaka hadi mwaka, huzidi kugawanyika, na hutokea ukoo wa seli unaotoa kingamwili ya aina ya IgM isiyokamata virusi bali inakamata kingamwili nyingine, za IgG. Kingamwili hiyo ndiyo maabara huiita rumatoidi fakta, na hapa ndipo uchunguzi hupotea njia: kipimo cha rumatoidi fakta kinatoka chanya, viungo vinauma, basi mgonjwa anaandikiwa dawa za baridi yabisi ya viungo, naye hakuwahi kupimwa homa ya ini.

Sasa tuna vitu vitatu vilivyorundikana: kirusi, kingamwili iliyokikamata, na kingamwili iliyoikamata ile ya kwanza. Rundo hilo linaitwa krayoglobulini. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1947, miaka 42 kabla kirusi cha C hakijagunduliwa mwaka 1989, kwa hiyo kwa muda mrefu madaktari waliuona ugonjwa bila kujua unatoka wapi. Tabia yake kuu ni kuganda pale damu inapopoa chini ya nyuzi 37 na kuyeyuka tena ikipashwa joto, kama mafuta ya ng'ombe kwenye supu iliyoachwa mezani. Miguu ndiyo huumia kwanza, kwa sababu ina ubaridi kuliko kiwiliwili na damu huko huenda polepole, hasa kwa mtu anayeshinda amesimama.

Rundo likinasa kwenye mshipa mdogo, huamsha komplementi, kundi la protini za damu ambazo kazi yake ni kutoa king'ora na kutoboa vijidudu. King'ora hicho huita neutrofili, seli nyeupe zilizobeba vimeng'enya vikali. Zikifika hazikuti kijidudu cha kumeza. Zinakuta protini iliyoganda ukutani, na vimeng'enya vinamwagika palepale. Ukuta unaliwa, unatoboka, na chembe nyekundu zinavuja hadi kwenye ngozi. Doa unaloliona ni damu iliyotoka nje ya mshipa. Ukilibonyeza kwa glasi angavu halififii, wakati wekundu wa kawaida hufifia. Kwenye ngozi nyeusi usitarajie wekundu ule wa picha za vitabuni: doa huonekana la zambarau iliyokolea au la kahawia, na kidole hulitambua mapema kuliko jicho, kwa kuwa huwa limeinuka kidogo. Likipona huacha weusi unaokaa miezi.

Kinachotokea kwenye ngozi hutokea pia ndani. Kwenye figo, vichujio huvimba na kuruhusu protini na damu kupita, mkojo unatoa povu na shinikizo la damu linapanda. Kwenye neva, vimishipa vinavyozilisha huziba, ndipo zinapokuja ganzi na ule moto wa nyayo.

Karibu nusu ya watu wenye homa ya ini C sugu hukutwa na krayoglobulini wakipimwa, ila wanaougua vaskulitisi ni wachache tu miongoni mwao. Na wengine hupimwa wakaambiwa hawana, kumbe wanazo. Kipimo hiki kina masharti. Damu inatakiwa kuchukuliwa kwa tyubu iliyopashwa joto, ikae kwenye nyuzi 37 mpaka igande na seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikiganda, itenganishwe. Hapo tu ndipo seramu huwekwa kwenye friji, nyuzi 4, na kuangaliwa kwa siku kadhaa, hadi wiki, kama kuna ukungu mweupe unaotuama chini. Damu ikipelekwa maabara kwenye trei kama sampuli nyingine, ikapoa njiani, krayoglobulini huzama pamoja na damu iliyoganda na kutupwa nayo. Jibu litakuwa "hakuna". Kipimo cha C4, mojawapo ya protini za komplementi, husaidia hapa, kwa kuwa katika ugonjwa huu mara nyingi hushuka sana.

Homa ya ini B hupita njia nyingine. Mafungu ya kingamwili na antijeni, yaani vipande vya ganda la kirusi, hunasa kwenye ateri za ukubwa wa kati, na ugonjwa unaitwa poliateritisi nodosa, ulioelezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1866. Kwa kawaida hutokea mapema, ndani ya miezi ya kwanza baada ya maambukizi. Tumbo linauma baada ya kula kwa sababu utumbo haupati damu ya kutosha, shinikizo la damu linapanda ghafla, korodani zinauma, au mguu unalegea na kuburuta vidole. Ufaransa, ambako ugonjwa huu umefuatiliwa kwa miongo, zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa wa poliateritisi nodosa walikuwa na kirusi cha B. Baada ya chanjo kuenea na damu ya kuongezewa kupimwa, kiwango kimeshuka sana. Kenya iliingiza chanjo ya B kwenye ratiba ya watoto mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2002. Watu wazima wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawajachanjwa mpaka leo.

Ukishaelewa kwamba kinga ndiyo inayoumiza, ni rahisi kukimbilia kuizima. Prednisoloni hutuliza uvimbe kweli, na figo au neva zikiwa hatarini huwezi kuikwepa. Ila ikitumika peke yake kwa muda mrefu, virusi hupata nafasi ya kuzaliana zaidi na malighafi ya mafungu huongezeka. Kiini cha tiba ni kuondoa virusi. Kwa C, vidonge kama sofosbuviri na vinavyoambatana navyo huponya zaidi ya asilimia 90 kwa wiki 8 hadi 12. Misri imeonyesha jambo hili linawezekana kwa taifa zima. Huko C ilienea kupitia sindano za kutibu kichocho zilizorudiwa kutumika kati ya miaka ya 1950 na 1980. Kampeni iliyoanza 2018 ilipima watu karibu milioni 50 na kuwatibu waliokutwa na kirusi bila malipo. Kwa B, tenofoviri hukizuia kirusi, na mwenye poliateritisi huweza pia kubadilishiwa plasma, majimaji ya damu, ili mafungu yatolewe kwenye damu.

Vaskulitisi ya C ikiwa kali, huongezwa rituksimabu, dawa inayopunguza seli B zenyewe. Kabla ya dozi ya kwanza lazima mgonjwa apimwe homa ya ini B, hata kama tayari inajulikana ana C, kwani dawa hii inaweza kukiamsha kirusi cha B kilicholala na ini likaharibika kwa wiki chache. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kipimo hicho kimefanyika lini na jibu lake ni lipi.

Baada ya kirusi cha C kutoweka, madoa huwa ya kwanza kuondoka, figo hufuata, na ganzi hukawia kuliko vyote. Wapo ambao seli zao B huendelea kutoa krayoglobulini hata kirusi kisipoonekana tena, na wachache hupata limfoma, saratani ya seli za kinga. Mtu wa namna hii aendelee na kliniki: mkojo, C4 na shinikizo la damu vipimwe kila anapohudhuria, na kama ini lilishapata makovu makubwa, apigwe picha ya ultrasaundi kila miezi sita.