Kumfungia mlevi chumbani si kumwachisha pombe: maswali na majibu

Kikundi cha kuacha pombe ni nini?

Ni watu walioshindwa na pombe ambao hukutana mara kwa mara na kushikana mkono wasirudi kunywa. Hakuna ada, hakuna mwalimu, na majina kamili hayatajwi. Sharti ni moja tu: uwe na nia ya kuacha. Kinachojulikana zaidi duniani ni AA (Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotaja majina). Kwa waraibu wa dawa za kulevya kuna NA (Narcotics Anonymous), iliyoanza California mwaka 1953 kwa mtindo uleule wa AA wa hatua 12 za kuacha ulevi, mtindo unaotumika pia katika soba hausi (nyumba za waraibu wanaoacha dawa) nyingi za Zanzibar.

Kikundi hakitoi dawa na hakilazi mgonjwa. Naomba hilo lishikwe vizuri.

Vilianzia wapi?

Marekani. Mwaka 1840 wanywaji sita wa Baltimore waliapa pamoja kuacha pombe. Chama chao kilivuma, kikaingiliwa na siasa, na ndani ya miaka michache kikasambaratika.

AA ilianza mwaka 1935 mjini Akron, jimbo la Ohio. Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alikuwa safarini, dili lake limeharibika na kiu ya pombe imemkaba hotelini. Badala ya kuingia baa akapiga simu makanisani, akitafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye. Akakutanishwa na Dk. Bob Smith, daktari wa upasuaji, ambaye alikubali kumpa dakika 15 tu. Waliongea hadi usiku. Bill hakumhubiria, alimsimulia yaliyomkuta yeye mwenyewe. Mikutano huendeshwa hivyo mpaka leo.

Kumbe waliacha kwa maongezi tu! Basi sisi tumfungie ndugu yetu ndani wiki moja, pombe imtoke, kisha tumpeleke kikundini.

Hapana. Hadithi ya Akron husimuliwa nusu, na nusu inayoachwa ndiyo inayoua watu.

Kabla ya Akron, Bill alishalazwa zaidi ya mara moja katika Hospitali ya Towns, New York. Aliingia humo Desemba 1934 na hakunywa tena. Dk. Bob naye aliteleza, akanywa tena baada ya kukutana na Bill. Tarehe 10 Juni 1935 alikuwa na mgonjwa wa kupasua huku mikono yake ikitetemeka, Bill akampa bia ili atulie. (Mimi nisingemkabidhi kisu, lakini mambo ya 1935 tuyaache huko.) Bia hiyo ikawa pombe yake ya mwisho, na siku hiyo ndiyo AA huihesabu kuwa ya kuzaliwa kwake. Mwanachama wa tatu walimfuata hospitalini, akiwa amelazwa. Na kuanzia 1939, Dk. Bob na Sista Ignatia waliwalaza walevi katika Hospitali ya St. Thomas, Akron, wanachama wakija kuwatembelea wodini. Tangu mwanzo, hospitali ilikuwemo.

Kwani akiacha ghafla kuna ubaya gani? Si ndicho tunachotaka?

Aliyekunywa kila siku kwa miaka, ubongo wake umeshazoea kubanwa na pombe. Ukiitoa ghafla, unafyatuka. Saa 6 hadi 12 za kwanza anatetemeka, anatokwa jasho, anatapika, hapati usingizi. Ndani ya siku mbili anaweza kuanguka degedege. Siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa kabisa: homa, moyo kwenda mbio, kuona visivyokuwepo.

Mnatuletea hospitalini siku ya tatu hiyo. Mgonjwa ana alama za kamba mikononi, ulimi ameung'ata, na anaokota shukani wadudu anaowaona yeye peke yake. Ukiuliza alianza lini, unaambiwa "tulidhani ni mapepo, tukampeleka kwanza kwa mtaalamu." Mtaalamu gani, jamani?

Akianza kutetemeka usiku, tusubiri pakuche?

Hapana. Pikipiki iitwe usiku huohuo. Akianguka degedege, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, na safari iendelee.

Jirani yetu alifungiwa na akapona.

Nafurahi kwa ajili yake. Wako asifungiwe. Kama anakunywa kila siku, au akikosa asubuhi mikono inatetemeka, au aliwahi kuanguka degedege, msimkatie ghafla. Mleteni akiwa bado anakunywa, tupange naye. Hospitalini anapewa diazepamu (dawa ya kutuliza) kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, vitamini B1 na maji, huku akiangaliwa. Ni dawa za kawaida, si za kutafutwa ng'ambo. Ila msimnunulie diazepamu dukani mkampa wenyewe. Ikichanganyika na pombe inaweza kumkata pumzi.

Na mtumiaji wa unga?

Arosto ya heroini, yaani mateso ya kuikosa, inatesa sana, ila mara chache huua mtu mwenye afya. Hatari yake huja baadaye: akikaa safi wiki kadhaa mwili unasahau dozi, akiteleza akatumia kiasi chake cha zamani, anakata pumzi. Mwambieni hivyo waziwazi kabla hajatoka soba hausi.

Halafu kuna wanaomwambia anayetumia methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, kwamba "bado hajaacha." Methadoni ni tiba, Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, inatolewa tangu 2011. Vincent Dole, daktari aliyeasisi tiba hiyo New York miaka ya 1960, alikuwa mjumbe wa bodi ya AA. Anayekushurutisha kuiacha ili ukubalike kikundini, tafuta kikundi kingine.

Akitoka wodini aende kikundini baada ya muda gani?

Wiki hiyohiyo. Afadhali mwanachama mmoja aje amwone akiwa bado kitandani, kama ilivyokuwa St. Thomas. Dawa za wodini zinamvusha siku za hatari tu, hazimzuii kupita kilabuni mwisho wa mwezi.

Mume wangu hataki hospitali wala kikundi. Mimi nifanyeje?

Njoo wewe, dada. Lois, mke wa Bill, ni miongoni mwa walioanzisha Al-Anon mwaka 1951 kwa ajili ya familia za walevi, na hakuna anayelazimika kumsubiri mlevi akubali kwanza. Ukija, tuambie anakunywa nini, kiasi gani, na kama aliwahi kuanguka. Ufunguo wa chumba uache mlangoni.