Woden, Thunor, Tiw na Frig: miungu ya Waanglo-Saksoni ni ipi?

Kila mtoto aliyefundishwa siku za wiki kwa Kiingereza ameshasumbuka na "Wednesday". Katikati kuna d isiyotamkwa, na usipoiandika unakosa. D hiyo ni ya Woden. Waanglo-Saksoni, makabila yaliyovuka bahari kutoka Denmark na kaskazini mwa Ujerumani kuanzia karne ya 5 na kuhamia Uingereza, waliiita Jumatano siku ya Woden, mungu wao mkuu. Jumanne ilikuwa ya Tiw, Alhamisi ya Thunor, Ijumaa ya mungu wa kike Frig. Mpango wa siku wenyewe ulitoka kwa Warumi: Alhamisi yao ilikuwa ya Jupiter, mwenye radi, basi mahali pake akawekwa Thunor, ambaye jina lake maana yake ni ngurumo.

Ukienda Skandinavia unawakuta Odin, Thor, Tyr na Frigg. Wengi hudhani Waingereza waliletewa miungu hii na Waviking, mabaharia wavamizi wa Skandinavia. Sivyo. Woden alishaabudiwa Uingereza muda mrefu kabla ya Waviking kuishambulia monasteri ya Lindisfarne, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 793. Majina yanafanana kwa sababu lugha hizo zina mama mmoja, na lugha ya Skandinavia iliangusha sauti ya w mbele ya o, ndipo akabaki Odin. Sisi tuna mfano wetu nyumbani: Wagiriama na Wayao husema Mulungu, Kiswahili kiliangusha l, ikawa Muungu, kisha Mungu. Hakuna aliyemwazima mwenzake, ni urithi wa pamoja.

Ila kuwa na asili moja hakumaanishi kwamba hadithi zao ni zile zile, na hapa ndipo maelezo mengi yanapopotosha. Odin kutoa jicho lake ili anywe kisima cha hekima, nyundo ya Thor, Tyr kung'atwa mkono na mbwa mwitu Fenrir: haya yote tumeyapata kwenye maandishi ya Iceland, hasa ya Snorri Sturluson, aliyeandika kwenye miaka ya 1220 naye mwenyewe akiwa Mkristo. Huko Uingereza, mmisionari Augustine alifika Kent mwaka 597, na Penda wa Mercia, mfalme mkubwa wa mwisho aliyeshika dini ya zamani, aliuawa vitani mwaka 655. Kati ya Penda na Snorri kuna zaidi ya miaka 500. Anayesema Woden wa Waingereza alikuwa na jicho moja anamvisha nguo za Odin.

Kilichobaki Uingereza kwenyewe ni kidogo, lakini ni chao. Kuna majina ya mahali: Wednesbury ni ngome ya Woden, Thundersley ni uwazi msituni wa Thunor. Kuna nasaba za wafalme ambao, hata baada ya kubatizwa, waliendelea kumhesabu Woden kuwa babu yao. Na kuna kisomo kimoja cha kutibu sumu kwa mitishamba tisa, ninachokipenda kuliko vyote: nyoka anakuja akitambaa, anamuuma mtu, Woden anachukua vijiti tisa vya utukufu, anampiga nyoka, naye anaruka vipande tisa. Kisomo hicho hicho kinamtaja Kristo pia. Mgonjwa alihitaji kupona, na mtabibu hakuacha jina lolote lenye nguvu.

Wapo pia wasio na mwenzao Skandinavia. Mtawa Bede, mwaka 725, alieleza kwamba mwezi unaolingana na Aprili ulikuwa wa Eostre, mungu wa kike aliyefanyiwa sikukuu. Hadithi yake hakuisimulia, na hakuna mwingine wa zamani aliyeiandika. Alichosema ni kwamba watu wake walikuwa tayari wakiitaja Pasaka kwa jina la mungu huyo, na Kiingereza kinaiita "Easter" hadi leo.