Staa Hapewi Timu: dhana potofu kuhusu makocha wakuu wa futiboli ya vyuo Marekani

"Mwalimu, mwanangu alikuwa staa pale chuoni. Akitundika daluga, si watampa timu afundishe?"

Mwezi huu nimeulizwa tena, safari hii na baba mmoja wa Kikongo ambaye kijana wake amemaliza miaka minne ya kucheza beki wa nyuma katika chuo kidogo huku Marekani. Kazi yangu ni kuwashauri vijana wa familia zetu wanaotaka kubaki kwenye futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, si soka, baada ya kucheza. Dhana hii imeniharibia vijana wengi kuliko majeraha ya goti. Wanakaa nyumbani wakisubiri simu, na simu haiji.

Dhana: aliyecheza vizuri ndiye atakayekuwa kocha mkuu

Anza na kocha Dabo Swinney. Katika miaka yake yote ya kucheza chuo cha Alabama alidaka pasi 7, jumla yadi 81. Aliingia kwenye timu kwa miguu yake mwenyewe, bila ufadhili wa masomo, akaja kuupata baadaye, na akawemo kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa wa taifa msimu wa 1992. Hakuna aliyekata tiketi kwenda kumtazama yeye. Mtu huyo huyo, kama kocha mkuu, amekipa chuo cha Clemson ubingwa wa taifa mara mbili, misimu ya 2016 na 2018, na ule wa 2018 alicheza mechi 15 akashinda zote 15.

Sasa mtazame Scott Frost. Alikuwa kwotabeki, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, wa chuo cha Nebraska kilichomaliza msimu wa 1997 bila kufungwa, akaenda kucheza NFL, ligi kuu ya kulipwa. Kama kocha mkuu alikiongoza chuo cha Central Florida (UCF) kushinda mechi zote 13 msimu wa 2017. Nebraska wakamrudisha nyumbani kama mfalme. Kuanzia 2018 hadi Septemba 2022 alishinda 16 na kupoteza 31, kisha wakamfungashia virago baada ya kufungwa na Georgia Southern kwenye uwanja wao wenyewe. Wangesubiri hadi Oktoba mosi, fidia ya kumvunjia mkataba ingeshuka kutoka dola milioni 15 hadi nusu yake. Hawakusubiri. Mapenzi waliyokuwa nayo kwake tangu 1997 hayakumwongezea hata wiki tatu.

Wanaobisha huniletea majina mawili, Steve Spurrier na Deion Sanders. Haya. Spurrier alishinda tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1966 na akaipa Florida ubingwa wa msimu wa 1996. Lakini aliingia kwenye ukocha mwaka 1978 kama msaidizi wa kuwanoa makwotabeki, akapita Georgia Tech na Duke akiwa bado msaidizi, ndipo mwaka 1983 akakabidhiwa timu ya kulipwa ya Tampa Bay kwenye ligi ya USFL. Ustaa wake haukumrukisha hatua hizo. Sanders, ndiyo, njia yake ilikuwa fupi: Jackson State mwaka 2020, kisha Colorado, ambako msimu wa 2023 alishinda 4 na kupoteza 8, na uliofuata akashinda 9. Ila Sanders ni mmoja wa mabeki wakubwa kuliko wote waliowahi kucheza mchezo huu. Mzazi akinitajia jina hilo namuuliza kama mwanawe naye yumo kwenye jumba la heshima la NFL.

Je, kucheza hakusaidii kitu? Kunasaidia sana, na hapa ndipo watu wetu wanapokosea zaidi. Miaka ya kucheza humpa kijana watu. Ushahidi wa kwamba atajua kufundisha haumo humo.

Nick Saban alicheza beki wa nyuma Kent State chini ya kocha Don James. Hakuwa na mpango wa kuwa kocha. Alipohitimu, mkewe alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa masomo, na Don James akamwambia abaki awe msaidizi huku akisoma shahada ya uzamili. Alibaki. Kuanzia 1973 alizunguka kama msaidizi Kent State, Syracuse, West Virginia, Ohio State, Navy, Michigan State na timu ya NFL ya Houston Oilers, na timu yake ya kwanza kama kocha mkuu, Toledo, akaipata mwaka 1990. Hesabu mwenyewe miaka hiyo. Na baada ya msimu mmoja tu wa Toledo alirudi kuwa msaidizi, chini ya kocha Bill Belichick kwenye timu ya NFL ya Cleveland. Mataji saba ya taifa, moja chuo cha Louisiana State (LSU) na sita Alabama, yalikuja baada ya hayo yote.

Swinney vilevile. Alabama walipobadilisha benchi zima la ufundi mwishoni mwa 2000, yeye akiwa msaidizi hapo, alijikuta hana kazi. Aliyemwajiri kwenye kampuni ya majengo kule Birmingham ni mtu aliyekuwa kocha wake wa mazoezi ya nguvu Alabama. Aliyemrudisha kwenye ukocha mwaka 2003, Clemson, ni Tommy Bowden, ambaye naye alikuwa kocha wake wa wadaka pasi Alabama. Milango miwili, na yote ilifunguliwa na watu waliomwona akifanya mazoezi kwa bidii wakati hakuna kamera iliyomwelekea.

Kwa hiyo kila kijana ninayemshauri namwambia jambo hilihili hadi anachoka nami: usigombane na kocha anayekuweka benchi. Nilikuwa na kijana mwenye mikono mizuri ajabu, akaondoka kwenye timu kwa matusi kwa sababu alipunguziwa dakika. Miaka miwili baadaye alitaka kuingia kwenye ukocha, na chuo alichoomba kikampigia simu mtu yuleyule. Nililia naye, sina uongo.

Na jambo la pili: ukubali kushuka. Kirby Smart alikuwa beki wa kuheshimika Georgia, lakini NFL haikumfaa. Mwaka 2001 tayari alikuwa mratibu wa ulinzi Valdosta State, chuo kidogo. Mwaka uliofuata akaenda Florida State kuwa msaidizi mwanafunzi, cheo cha chini kabisa kwenye benchi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwaka 2004 Saban alimchukua LSU, na leo ana mataji mawili ya taifa akiwa na Georgia yake, misimu ya 2021 na 2022. Fainali ya pili iliisha 65 kwa 7.

Kazi ya msaidizi mwanafunzi haina picha nzuri ya kutuma nyumbani. Ni kukata video usiku, kuchora kadi za mipango ya mpinzani ili kikosi cha mazoezi kiiige kesho yake, na kuwatembeza wazazi wa vijana wanaotafutwa na chuo. Ada hulipwa, posho ni ndogo. Baba aliyezoea kumwona mwanawe akishangiliwa huona aibu. Mzee wangu, aibu hiyo ndiyo darasa lenyewe. Sisi tunamwita kocha "mwalimu", na hakuna mwalimu ambaye hakukaa kwanza kuandaa somo.

Dhana: asiyecheza chuoni hawezi kufundisha chuoni

Mike Leach hakucheza futiboli ya chuo. Alisomea sheria. Aliongoza Texas Tech miaka 10, kisha Washington State, kisha Mississippi State hadi kifo chake Desemba 2022, na namna timu zake zilivyorusha pasi imeigwa kote nchini. Inatosha.

Dhana: timu ya chuo ni mambo ya wanafunzi tu

Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000. Uwanja wa chuo cha Michigan unapita 107,000. Katika majimbo mengi, mtumishi wa umma anayelipwa zaidi ya wote, gavana akiwemo, ni kocha wa timu ya chuo.

Dhana: kocha akifukuzwa amekwisha

Kocha mkuu, hapana. Texas A&M walipomwondoa Jimbo Fisher Novemba 2023, walibaki wakidaiwa naye fidia ya zaidi ya dola milioni 75. Wanaoumia ni wasaidizi wake. Kocha mkuu akiondoka, mara nyingi benchi zima huondoka naye, na msaidizi huhamisha watoto shule bila mamilioni ya kumfariji. Vijana wetu wataanzia kwenye kundi hilo. Ukimwoza binti yako kwa kocha msaidizi, mwambie asinunue fanicha nzito.

Dhana: kocha mkuu kazi yake ni mbinu

Siku nyingi za mwaka kazi yake ni watu: kutafuta wachezaji, na kuwazuia waliopo wasihamie chuo kingine. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina lake, kwa hiyo kila msimu ukiisha kocha hulazimika kuwabembeleza upya hata wale aliowalea mwenyewe. Asiyejua kuzungumza na mama wa kijana sebuleni kwao hafiki mbali. Hapo vijana wetu, waliolelewa kusalimia wakubwa na kusikiliza kabla ya kujibu, wana mtaji mkubwa, nami huwahimiza wautumie.

Kijana wa yule baba nimemwambia ampigie kocha wake wa mabeki wiki hii, asiombe kazi, amshukuru tu na amuulize anaweza kumsaidia nini. Nafasi za chini hufunguka zaidi kati ya Desemba na Februari, makocha wakuu wanapobadilishwa na mabenchi kupangwa upya. Anayeandika barua pepe mwezi Juni huwa amechelewa.