st0 na nst0: draivu ni moja, tofauti iko kwenye kufunga

Bado husemwa kwamba /dev/nst0 kwenye Linux ni draivu ya pili ya tepu za kuhifadhia data, au kwamba ni kifaa ambacho tepu yake haiwezi kurudishwa mwanzo. Yote mawili si kweli. st0 na nst0 ni majina mawili ya draivu ileile (ya pili, kama ipo, huitwa st1), na amri ya mt (programu ya kuiendesha tepu) yenye neno rewind huirudisha tepu mwanzo kupitia jina lolote kati ya hayo.

Kinachotofautiana ni jambo moja: linalotokea programu inapokifunga kifaa. Kikiwa kimefunguliwa kwa jina la st0, tepu hurudishwa mwanzo. Kikiwa kimefunguliwa kwa jina la nst0, tepu hubaki ilipofika, na kama programu ilikuwa ikiandika, huachwa mara tu baada ya alama ya mwisho wa faili, tayari kupokea nakala inayofuata.

Wengi hukwama kwa kusahau kwamba mt nayo ni programu. Anayeandika mt -f /dev/st0 fsf 2 huisogeza kweli tepu mbele kupita alama mbili za mwisho wa faili, lakini mt inapomaliza hukifunga kifaa, tepu inarudi mwanzo, na tar (programu ya kuandika na kusoma nakala) inayofuata husoma nakala ya kwanza huku mhusika akiamini anasoma ya tatu. Kwenye kuandika hasara ni kubwa zaidi: tar mbili mfululizo kwa st0 humaanisha ya pili imeandikwa juu ya ya kwanza, bila onyo lolote, na hata ikiwa fupi, mabaki ya ile ndefu hayafikiki tena kwa njia ya kawaida, kwa kuwa draivu huhesabu mwisho wa maandishi mapya kuwa ndio mwisho wa data.

Ukubwa wa bloku, yaani kiasi cha data kinachoandikwa kwa mkupuo mmoja (tar hutumia baiti 10,240 usipoiagiza vingine), ni mpangilio mwingine kabisa, usioguswa na herufi n ya nst0. Mifumo mingine ya uendeshaji ina majina yake kwa tofauti hiyohiyo: FreeBSD hutumia sa0 na nsa0. Solaris huiweka n mwishoni, /dev/rmt/0n.

Wala st0 si kosa: anayeweka nakala moja tu kwenye kila tepu anaweza kuitumia bila wasiwasi, mradi asiitume fsf kupitia jina hilo akitarajia tepu ibaki ilipoachwa.