Je, wajua gitaa la maadhimisho lina nini cha ziada?

Chukua magitaa mawili ya umeme ya kiwanda kimoja, umbo moja, nyuzi sita sita. Moja limeandikwa "Anniversary" na linauzwa ghali kuliko mwenzake. Mpe mpigaji mzoefu ayajaribu akiwa amefumba macho, na kuna uwezekano mkubwa asikuambie lipi ni lipi. Sasa hiyo bei ya ziada inalipia nini?

Inategemea kiwanda kilifanya nini siku ya sherehe. Kuna magitaa ya maadhimisho yaliyopambwa tu: rangi mpya, bamba lenye maandishi, cheti, na kesi nzuri (kasha la kubebea gitaa). Na kuna yale ambayo kiwanda kilirudia mbinu kilichokwisha kuziacha. Maandishi ya nje yanafanana, kwa hiyo kazi ya mnunuzi ni kuchungulia chini yake.

Mfano mmoja wa zamani unachekesha kidogo. Mwaka 1958 kampuni ya Gretsch, iliyoanzishwa Brooklyn mwaka 1883, ilitimiza miaka 75 ikatoa gitaa lililoitwa Anniversary, maarufu kwa kijani chake cha toni mbili. Ungetarajia kitu cha kifalme. Wapi! Lilikuwa gitaa la bei ya chini katika ukoo wake, na liliendelea kuuzwa miaka mingi baada ya keki kuliwa. Ya mwanzo yalifungwa pikapu za Filter'Tron (pikapu hapa si gari, ni kinasa cha sumaku na waya kinachogeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme). Baadaye zikaja HiLo'Tron, za koili moja (waya uliosokotwa kuzunguka sumaku) na zenye nguvu ndogo. Ndiyo maana anayelijua gitaa hili haulizi kama ni Anniversary kweli; anauliza lina pikapu gani.

Sherehe huweza pia kuharibika. Mwaka 1979 kampuni ya Fender ilitoa toleo la miaka 25 la gitaa lake la Stratocaster, kwa kuwa umbo hilo lilizaliwa 1954. Ya kwanza yalipakwa rangi nyeupe ya lulu ambayo ilianza kupasuka nyufa nyufa muda mfupi tu, na kiwanda kikalazimika kuhamia rangi ya fedha. Ajabu ni kwamba chini ya rangi hiyo kulikuwa na jambo la maana zaidi. Stratocaster za kawaida za miaka ile zilishikwa shingo kwa skrubu tatu, mtindo uliolalamikiwa kwa sababu shingo ikiyumba hata kidogo kwenye mfuko wake, uzi mwembamba au mnene huelekea ukingoni mwa ubao wa freti (uso wa shingo wenye vipande vya chuma, ambapo vidole hubonyeza nyuzi) na vidole huuangusha nje. Toleo la maadhimisho lilirudi kwenye skrubu nne. Nambari zake huanza na 25.

Nambari zenyewe ni mchezo unaopendwa sana viwandani. Mwaka 1994 Fender iliadhimisha miaka 40 ya Stratocaster kwa magitaa 1,954, idadi sawa na mwaka wa kuzaliwa. Mwaka huohuo Gibson, ikihesabu miaka 100 tangu 1894, ilitoa mfululizo wa Centennial: kila modeli magitaa 101, nambari 1894 hadi 1994, na nukta ya herufi "i" katika jina la Gibson ikiwa ni almasi. Les Paul Custom ya Gibson ya 1974 ina maneno "Twentieth Anniversary" kwenye pambo la freti ya 15. Haya yote hayabadilishi sauti hata chembe. Yanachofanya ni kuweka ukomo, na ukomo ndio unaoshikilia bei miaka ikipita. Toleo lisilo na ukomo wa idadi ni gitaa la kawaida lililovaa nguo za sikukuu.

Kazi ya kweli huonekana pale kiwanda kinapojaribu kuurudia mwaka wa asili. Anza na pikapu. Zile za koili mbili zilizobuniwa na Seth Lover wa Gibson, na kuanza kufungwa kwenye magitaa mwaka 1957, na zinazojulikana kwa kibandiko chao cha "Patent Applied For" (hataza imeombwa), zilisokotwa takribani mizunguko 5,000 ya waya mwembamba kama unywele kwa kila koili. Takribani, kwa sababu mashine hazikujisimamisha zenyewe kwenye idadi kamili. Matokeo yake koili mbili za pikapu moja mara nyingi hazilingani, na huko kutolingana huongeza ukali kidogo kwenye sauti za juu. Kiwanda cha leo chenye mashine za kompyuta kikitaka sauti ile hulazimika kukosea kwa makusudi.

Hili unaweza kulipima bila kufungua kitu. Chomeka waya wa gitaa, weka swichi kwenye pikapu moja tu, fungua sauti mpaka mwisho, kisha gusa ncha na shina la plagi ya upande wa pili kwa multimita (kipima umeme) iliyowekwa kwenye omu, kipimo cha ukinzani. Pikapu za mtindo ule husoma kati ya kiloomu 7 na 9. Kipimo kitapungua kidogo kwa kuwa potenshiometa ya sauti (kifaa kilicho chini ya kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti) iko sambamba na pikapu, usishtuke. Kikisoma 14, hiyo ni pikapu ya kisasa yenye nguvu, cheti kiseme kisemavyo.

Uaminifu kwa mwaka wa asili una gharama yake kwa mpigaji. Stratocaster za zamani zina ubao wa freti uliopinda kama tao la duara lenye nusu kipenyo cha milimita 184. Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) hukaa vizuri mkononi, lakini ukiukunja uzi wa kwanza, yaani kuusukuma kando, kwa nguvu kuanzia freti ya 12 kwenda juu, unapanda kilima cha tao, unagusa freti za mbele, na noti inakatika ghafla. Dawa ni kuinua nyuzi kidogo kwenye daraja, kipande kinachozishikilia mwilini mwa gitaa. Kusaga freti pia kunasaidia, ila kwenye gitaa la kukusanywa huko ni kulipunguzia thamani. Matoleo mengine ya maadhimisho hutumia tao la milimita 241 lisilo na usumbufu huo, na kwa mtu anayepiga jukwaani nadhani hilo ndilo la kuchagua, japo wakusanyaji watanuna.

Halafu kuna vanishi ya nitroselulosi. Hukauka kwa kuruka kwa viyeyusho, hubaki nyembamba, hugeuka manjano na kupata nyufa laini ikihamishwa ghafla kutoka baridi kwenda joto. Wapenzi wa vitu vya kale huzipenda nyufa hizo. Wasichokipenda ni doa linaloachwa na stendi yenye mpira: kemikali za mpira hulainisha vanishi hiyo, na gitaa likiegemea hapo wiki chache linabaki na alama isiyofutika. Funika vishikio vya stendi kwa kitambaa cha pamba, au lilaze kwenye kesi yake.

Mbao nazo zina sheria zake. Rozwudi ya Brazil, ya jenasi moja na mpingo, iko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992. Msamaha wa ala za muziki wa mwaka 2019 uligusa rozwudi nyingine, si hii. Toleo lenye ubao huo huhitaji vibali likiuzwa nje ya mpaka, na likikosa karatasi linaweza kuzuiwa forodhani.

Ukinunua lililokwisha kutumika, usiliamini bamba la shingo (kipande cha chuma mgongoni, pale shingo inapofungwa) peke yake. Linashikwa na skrubu tatu au nne na huhamishwa kwenye gitaa jingine ndani ya dakika kumi. Kwa magitaa ya Marekani ya miaka ya 1970, soma mgongo wa potenshiometa: 137 7846 maana yake ni kiwanda cha CTS, wiki ya 46 ya mwaka 1978, ikianza na 304 ni kiwanda cha Stackpole. Tarehe hiyo inapaswa kutangulia ya gitaa kwa miezi kadhaa. Ikiwa ni ya baadaye kuliko gitaa, sehemu imebadilishwa. Kisha itazame lehemu kwa tochi. Ya kiwandani kwa kawaida huwa ni tone moja laini juu ya kila kiungo. Ukikuta bonge la kijivu lililorundikana juu ya tone la zamani, fundi mwingine ameshapita hapo.