Mapambano manne kwenye karatasi si mapambano manne: dhana potofu kuhusu mikataba ya MMA

Mpiganaji akimwaga wino UFC, kampuni kubwa kuliko zote ya MMA (mapambano yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka), mashabiki huanza kumpigia hesabu: kasaini mapambano manne, basi malipo manne kayatia kibindoni. Hesabu hiyo ina kasoro, na karibu dhana nyingine zote za usajili wa MMA huanzia hapo. Mkataba una pande mbili, lakini kamba haikukazwa sawa. Mpiganaji hawezi kwenda kwingine, huku kampuni ikijiachia zaidi ya mlango mmoja wa kutokea.

Dhana: Idadi ya mapambano kwenye mkataba ni ya uhakika

Kwa kampuni, nne ni kikomo cha juu. Mikataba ya kawaida humruhusu promota (kampuni inayoandaa mapambano) kuuvunja mara tu mpiganaji anapopoteza. Mgeni aliyepoteza mawili ya kwanza huingia la tatu akijua ni kufa au kupona, hata kama karatasi inasema bado ana mawili.

Kwa mpiganaji, mambo hugeuka. Akiumia, akikataa mpinzani aliyepangiwa au akifungiwa kwa sababu ya dawa, saa ya mkataba husimama na muda uliopotea huongezwa mwishoni. Mkataba wa miaka miwili unaweza kuvutika hadi wa tatu na ushee bila yeyote kusaini kitu kipya. Kwa hiyo anayesoma mkataba vizuri haanzi na idadi ya mapambano. Huanza na vifungu vya kusimamisha muda.

Dhana: Aliyesajiliwa analipwa mshahara

Hakuna mshahara. Wapiganaji huhesabiwa kuwa wakandarasi huru: asipopigana, hapati. Malipo ya anayeanza huwa mafungu mawili, moja la kupanda ulingoni na jingine la kushinda. Kwa miaka mingi UFC ilianzia dola 10,000 kwa 10,000, kisha 12,000 kwa 12,000, na kila ushindi mara nyingi huongeza 2,000 kila upande.

Mchukulie mgeni asiye raia aliyepigana Marekani kwa 12,000 kwa 12,000 na kupoteza. Anaondoka na 12,000. Kodi ya zuio ya serikali kuu kwa wageni ni asilimia 30 ya pato ghafi, yaani 3,600, isipokuwa nchi yake ina mkataba wa kodi na Marekani. Meneja akichukua asilimia 10 na klabu asilimia 10, ni 2,400 nyingine. Zinabaki 6,000, na hapo hajalipa wiki nane za kambi: wenzake wa kufanyia mazoezi, chakula, tiba ya viungo. Sehemu ya kodi anaweza kuidai baadaye kwa kuwasilisha ritani (taarifa ya kodi ya mwaka), ila wengi hawajui au humwachia meneja ambaye naye hafuatilii.

Ndiyo maana bonasi ya usiku kwa waliopigana vizuri zaidi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa dola 50,000, huwatoa watu akili. Mpiganaji wa 12,000 anayeongoza kwa pointi raundi ya tatu, kisha akaingia kubadilishana ngumi bila sababu ya kimchezo, hajachanganyikiwa. Anapiga hesabu. Fedha za vifaa nazo hazimwokoi: tangu UFC ihamie kwa watengeneza mavazi Venum mwaka 2021, mwenye pambano la kwanza hadi la tatu alipewa dola 4,000 kwa pambano, na haruhusiwi kuingia ulingoni na nembo ya mdhamini wake mwenyewe.

Jambo jingine linalosahaulika: fungu la kupanda hulipwa kwa kupanda. Mpinzani akijitoa siku ya mizani, kampuni kubwa mara nyingi humlipa aliyetimiza uzito, lakini hiyo kwa kawaida ni hiari yao. Mpinzani akizidi uzito na pambano likaendelea, asilimia 20 au 30 ya fungu lake humwendea mwenzake.

Dhana: Ukishinda tu, unasajiliwa

Contender Series, mfululizo wa UFC wa kusaka vipaji ulioanza 2017 huko Las Vegas, umewaacha washindi wa pointi wasiosisimua na kuwachukua waliopoteza. Wapangaji wa mapambano hutafuta wanaomaliza pambano bila kungoja pointi, umri mdogo na uzani wenye uhaba wa watu.

Njia nyingine ni kuziba nafasi ya aliyejitoa siku chache kabla. Hapo ustadi peke yake hautoshi. Kamisheni inayosimamia mchezo itataka vipimo vya damu vya VVU na homa ya ini B na C, uchunguzi wa macho na mara nyingi picha ya ubongo, na anayetoka nje atahitaji viza ya wanamichezo. Simu inapigwa Jumatatu, mizani ni Ijumaa. Aliyeacha vipimo vyake viishe muda nafasi humpita mkononi, apewe mwingine wa kiwango cha chini aliyekuwa na faili kamili. Meneja mzuri hujulikana kwa faili hilo kuliko kwa maneno.

Dhana: Mshindi hatemwi

Jon Fitch aliachwa Februari 2013 akiwa bado ndani ya kumi bora. Yoel Romero aliondoka Desemba 2020 kwenye wimbi la kupunguza wapiganaji, naye alikuwa miongoni mwa majina makubwa ya uzani wake. Muhammad Mokaev alishinda mapambano yake yote saba UFC, la mwisho Manchester Julai 2024, na hakupewa mkataba mpya.

Sababu kubwa ni bei. Kila ushindi hupandisha fungu, na mkongwe anayeshinda kwa pointi bila kuuza tiketi hufika mahali ambapo wageni kadhaa wanaweza kulipwa kwa fedha zake. Tabia nje ya ulingo nayo huhesabiwa. Ukiona ushindi wa kuchosha wa mwenye fungu kubwa, huyo ndiye wa kumwonea wasiwasi.

Dhana: Mkataba ukiisha, kesho yake yuko huru

Kuna hatua mbili kabla ya uhuru. Kwanza ni kipindi cha mazungumzo na kampuni ya zamani peke yake, mara nyingi siku 90. Halafu huja haki ya kulinganisha ofa, inayoweza kudumu mwaka mzima: ofa yoyote ya mshindani hupelekwa kwa kampuni ya zamani, nayo ikikubali masharti yaleyale, mpiganaji habanduki.

Kisa cha Eddie Alvarez kinaonyesha inavyouma. Mkataba wake na Bellator, kampuni iliyoshindana na UFC, ulipoisha mwishoni mwa 2012, UFC ilimpa ofa yenye sehemu ya mapato ya matangazo ya kulipia (mtazamaji hulipa ili aone pambano moja kwa moja). Bellator iliichukua ofa hiyo karibu neno kwa neno, ikabadili majina na kudai imeilinganisha. Alvarez akasema ahadi ya mapato hayo ina thamani tofauti kwa kampuni isiyouza matangazo hayo kama UFC. Walikwenda mahakamani, wakapatana Agosti 2013, na alipanda ulingo wa UFC Septemba 2014 tu.

Lakini kifungu hichohicho kinaweza kumfaa mpiganaji. Mwaka 2014 Bellator ilimpa Gilbert Melendez ofa, UFC ikailinganisha, akabaki kwa masharti mazuri zaidi. Tatizo ni kwamba mshindani anayejua ofa yake itatumika kupandisha bei ya mwenzake huwa mzito kuiandika.

Dhana: Bingwa ndiye anayeshika makali

Mkanda huleta fedha, na huleta pia kifungu cha bingwa: mkataba huongezeka wenyewe kwa anayeushikilia. Francis Ngannou alimshinda Ciryl Gane Januari 2022 kwenye pambano la mwisho la mkataba wake, na bado ilimbidi angoje hadi mwisho wa mwaka ili ukomo wa muda wa mkataba ufike. Aliachiliwa Januari 2023, akasaini na kampuni pinzani ya PFL Mei, na Oktoba akapanda ulingo wa ngumi na Tyson Fury jijini Riyadh. Aliweza kungoja kwa kuwa alikuwa tayari kukaa mwaka bila kupigana. Wengi hawana akiba hiyo.

Kustaafu nako si njia ya mkato. Randy Couture alijiuzulu 2007 akiwa bingwa, ikafuata vuta nikuvute ya kisheria, na Novemba 2008 alikuwa tena UFC akipigana na Brock Lesnar. Anayestaafu huugandisha mkataba; akirudi, unaendelea palepale ulipoishia.

Dhana: Sheria na mahakama zimeshamaliza haya

Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 yenye jina la Muhammad Ali hulinda mabondia; MMA haimo. Kesi ya wapiganaji dhidi ya UFC iliyofunguliwa Desemba 2014 iliisha kwa makubaliano ya dola milioni 375 yaliyoidhinishwa 2025, baada ya jaji kukataa ya milioni 335. Fedha hizo ni za waliopigana kati ya Desemba 2010 na Juni 2017. Zililipia yaliyopita, vifungu havikuguswa.

Dhana: Kampuni hubadilishana wapiganaji kama timu za mpira

Imetokea mara moja tu ya maana: Demetrious Johnson kutoka UFC kwenda kampuni ya ONE, na Ben Askren kutoka ONE kwenda UFC, 2018. Hata hapo, kila upande ulimwachilia wake.

Dhana: Ukitemwa, unapiga simu kwingine jioni hiyohiyo

Simu unaweza kupiga. Kusaini ni jambo jingine. Dai barua ya kuachiliwa, kisha tafuta ndani yake sentensi inayosema haki ya kulinganisha ofa na kipindi cha mazungumzo vimefutwa. Bila sentensi hiyo, wanasheria wa kampuni mpya watakurudisha kwa uliyetoka kwake.